Kutembelea kiwanda cha waini cha familia ya zamani: anzia shambani, glasi ije mwisho

Tulikuwa wanne, tumefika saa nne asubuhi, wote tuna hamu ya kuonja, na mzee mwenye kiwanda akatuuliza kitu kimoja tu, "shambani mmeshapita?" Tukasema bado. Akazirudisha glasi kabatini, akavaa mabuti yake, akasema twendeni. Tulizunguka kama saa nzima, mara anainama anashika shina, mara anatutilia udongo kiganjani, anasonga mbele hata hageuki nyuma, na tuliporudi ndani akatumiminia waini mbili za zabibu ya aina moja na mwaka mmoja, moja imetoka safu za juu kwenye mawe na nyingine imetoka safu za bondeni kwenye udongo mzito, na jamani zilikuwa na tofauti ya mbingu na ardhi. Kama tungeanza na glasi tungesema tu "hii tamu, hii kali kidogo" tukapiga picha tukaondoka. Tangu siku ile kila nikienda sehemu kama hizi nafuata mpango wa yule mzee, shamba kwanza, stoo ya mapipa ya pili, glasi mwisho kabisa, na ndo mpango ninaotaka na wewe uufuate.

Sasa kwanza kuchagua pa kwenda. Neno "familia" linaandikwa kwenye lebo kirahisi sana, na jina la ukoo linaweza kubaki kwenye chupa miaka mingi wakati kiwanda chenyewe kilishauzwa zamani kwa kampuni kubwa. Hakuna ubaya kutembelea kampuni kubwa, ila kama unachotafuta ni familia basi uliza kabla hujafunga safari, nani wa ukoo huo anafanya kazi hapo leo? Familia ya kweli watakujibu kwa watu, binti ndo yuko kwenye matenki, mjomba yuko kwenye trekta, bibi bado anaangalia hesabu. Wakikujibu kwa maneno ya matangazo matupu, mi ningetafuta pengine.

Kuna chama kinaitwa Les Hénokiens, kilianzishwa 1981, kinapokea kampuni za familia zilizofikisha angalau miaka 200 na ambazo bado ziko mikononi mwa uzao wa mwanzilishi, na humo ndani mna familia ya Hugel ya kijiji cha Riquewihr kule Alsace, Ufaransa, ambao wako kwenye waini tangu 1639. Ukienda Italia, Antinori wa Firenze wanahesabu kuanzia 1385 na wamefika kizazi cha 26, na Ricasoli wako kwenye ngome yao ya Brolio tangu 1141, na ni mtu wa ukoo huo, Bettino Ricasoli, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Italia, ndiye aliyeandika 1872 mchanganyiko wa zabibu za Chianti ambao ukaja kufuatwa na wengi. Hizo ni nyumba kubwa, zina mapokezi, ratiba na watembezaji waliofundishwa, utapata historia iliyonyooka. Lakini usiidharau nyumba ndogo ya vizazi vitatu vinne ambayo hakuna aliyewahi kukusimulia habari zake. Kule anayekufungulia mlango ndo huyo huyo aliyepogoa mizabibu, na swali lako halizunguki kwa watu watatu kabla ya kujibiwa. Kwa maoni yangu kama safari yako ina siku mbili, moja ipe nyumba kubwa na nyingine ipe nyumba ndogo.

Kitu kingine cha kuangalia ni maandishi madogo kwenye chupa. Chupa ya Ufaransa ikiandikwa "mis en bouteille au château" au "au domaine", ya Ujerumani ikiandikwa "Gutsabfüllung", maana yake waini imejazwa kwenye chupa palepale inakotengenezwa. Hii inakusaidia manake ukifika utaweza kufuata kazi yote kuanzia mzizi mpaka kizibo sehemu moja, sio unaoneshwa shamba halafu unaambiwa mengine yanafanyika mbali huko.

Ukishachagua, usiende kienyeji. Nyumba nyingi za familia hazina mtu wa mapokezi, ukitokea tu getini unamtoa mtu kwenye tenki au kwenye trekta. Andika imeili au piga simu wiki mbili tatu kabla, sema mko wangapi, mnazungumza lugha gani, mna muda kiasi gani, na hapa ndo pa muhimu, sema wazi kwamba mngependa kuona shamba na stoo kabla ya kuonja. Hiyo sentensi moja inabadilisha mapokezi yote. Mwenyeji akiona umeuliza shamba anajua amepata mgeni wa kukaa naye na anajipanga. Uliza pia ada ya kuonja ni kiasi gani na inahusisha nini, hakuna aibu kuuliza, kuna wanaoiondoa ukinunua chupa na kuna wasioiondoa. Na mkiahidi saa tano fikeni saa tano, ikishindikana pigeni simu, kwa sababu kuna mtu ameacha kazi anawasubiri.

Swali la lini uende linategemea unataka kuona nini. Kaskazini mwa ikweta mavuno yanakuwa kati ya Agosti na Oktoba, kusini yanakuwa kati ya Februari na Aprili, kuna sehemu yanawahi na kuna sehemu yanachelewa. Kila mtu anataka kwenda wakati wa mavuno na kweli panapendeza, harufu ya zabibu iliyopondwa unaipata tangu barabarani, lakini ukweli ni kwamba hakuna atakayekuwa na muda na wewe, watu wanaamka alfajiri wanalala usiku wa manane na matenki hayasubiri. Mi napenda wiki tatu hivi kabla ya mavuno, zabibu zimeshabadilika rangi, unaweza kuonja punje, na wenyeji bado wana pumzi. Wakati mwingine mzuri ambao watu wanaupuuza ni majira ya baridi wakati wa kupogoa, majani yameisha, mizabibu iko uchi, unaona umbo la kila shina na makovu yake, mwenye nyumba ana muda, na watalii hamna. Na kama unataka kukisia mwenyewe tarehe ya mavuno, hesabu siku kama 100 hivi tangu mizabibu ilipotoa maua. Wakulima wengi bado wanaanzia kwenye hesabu hiyo kabla ya kupima chochote.

Kabla ya kutoka, vitu vichache tu. Kula vizuri, usiende na njaa. Vaa viatu vya kufunga ambavyo hutaumia roho vikichafuka. Beba sweta hata kama nje jua linachoma, stoo za chini zinakaa nyuzi 12 mpaka 14 hivi na ukikaa humo nusu saa na shati jepesi utatetemeka. Usijipulizie pafyumu, na hili nalisisitiza sana kwa sababu watu hawaliwazii, marashi yako yanaingia kwenye glasi yako na za wenzio wote mezani, pua inanusa wewe badala ya waini. Na dereva apangwe mapema, mtu mmoja asiyekunywa kabisa au gari la kukodi, hili sio jambo la kuamua mkishaonja.

Haya, mmefika, mmesalimiana, mko shambani. Kabla hujaingia kwenye safu uliza kama viatu visafishwe. Kuna sehemu, Australia hasa, watakuambia usafishe soli au usiingie kabisa kwenye mizabibu, na sababu yake ni mojawapo ya habari kubwa za kazi hii. Miaka ya 1860 kijidudu kidogo mno kinachoitwa filoksera, jamaa wa vidukari, kilifika Ufaransa kutoka Amerika Kaskazini kikaanza kushambulia mizizi ya mizabibu, mzabibu unadhoofika unakufa na ukiuchimbua unakuta mizizi imeoza, na ndani ya miongo michache kikawa kimeharibu sehemu kubwa ya mashamba ya Ulaya. Familia nyingi ziliishia hapo. Zilizobaki zilibaki kwa sababu iligundulika kwamba mizabibu ya Amerika inastahimili, kwa hiyo wakaanza kubebesha, mzizi wa Amerika chini, tawi la zabibu yao ya zamani juu. Mpaka leo mizabibu mingi duniani imebebeshwa hivohivo. Ukiwa shambani chuchumaa uangalie shina pale linapotoka ardhini, utaona uvimbe kama goti, hapo ndo miti miwili ilipounganishwa. Gusa hapo. Nyumba inakwambia ina miaka 300 ya waini lakini lile goti linakukumbusha kwamba kuna mwaka babu yao aling'oa kila kitu akaanza upya, muulize mwenyeji, karibu kila familia ya zamani ya Ulaya wana habari ya mwaka huo.

Na ziko sehemu chache ambako kijidudu hakikufika. South Australia ni mojawapo, na kule Eden Valley familia ya Henschke, ambao wanatengeneza waini tangu 1868, wana shamba linaitwa Hill of Grace lenye mizabibu iliyopandwa karibu 1860 ikiwa juu ya mizizi yake yenyewe. Ndo maana wanakuwa wakali na viatu vyako. Udongo mdogo ulioganda kwenye soli unaweza kubeba mdudu mpaka kwenye mti uliopandwa kabla babu wa babu yako hajazaliwa.

Halafu angalia mikato. Mzabibu kwa asili yake ni mmea wa kutambaa, ukiachiwa unapanda juu ya miti mingine unatoa majani mengi na zabibu hafifu, kwa hiyo kila mwaka mtu anapita na mkasi anaamua tawi lipi libaki na lipi liende, na kila mkato unaacha kovu. Shina la miaka 60 au 80 limejaa mafundo hayo, limejikunja, halinyooki hata kidogo. Mwombe mwenyeji akuoneshe kwenye shina moja mikato ya baba yake iko wapi na ya kwake imeanzia wapi. Mi nimewahi kuoneshwa hivo na mama mmoja, akaweka kidole gumba kwenye fundo la chini akasema huyu ni baba mkwe, akapandisha kidole kama sentimita kumi akasema huyu ni mume wangu, akapandisha tena akasema kuanzia hapa ni mimi. Sijawahi kuoneshwa historia ya familia kwa ufupi namna ile na kwa wazi namna ile. Mizabibu mikongwe pia inazaa kidogo, na hapo unaweza kuuliza swali la pesa kwa heshima, kwa nini mnaiacha wakati mzabibu mchanga ungezaa zaidi? Jibu lake mara nyingi ndo linakuonesha hii familia wanaamini nini.

Udongo nao ushike, usiutazame tu. Kokoto, chokaa nyeupe inayobaki kwenye vidole kama unga, mfinyanzi unaonata, mawe meusi bapa yale ya kando ya mto Mosel Ujerumani yanayotunza joto la mchana na kulirudisha usiku. Angalia mteremko unaelekea wapi na jua linapiga saa ngapi. Kule Mosel kuna mteremko unaitwa Calmont, kijiji cha Bremm, una sehemu zinazozidi nyuzi 60, karibu kila kitu kinafanywa kwa mikono manake trekta haliwezi kusimama, na ukishaona watu wanapanda pale na mzigo mgongoni hutauliza tena kwa nini chupa ina bei ile. Ukiona mawaridi yamepandwa mwanzo wa safu, yalikuwa yanapandwa kwa sababu waridi huwa linawahi kuonesha dalili za ugonjwa wa ukungu kabla ya mzabibu, siku hizi wengi wameyaacha kwa ajili ya uzuri tu. Na kama ni msimu na umeruhusiwa, chuma punje moja, moja tu, usitoe kichala. Itafune taratibu, tenganisha maji, ngozi na mbegu mdomoni. Mbegu ikiwa ya kijani na chungu bado, ikiwa ya kahawia na inavunjika kama karanga basi mavuno yako karibu.

Mkitoka shambani ndo mnaingia kiwandani, na hapa kabla ya yote kuna jambo la usalama. Kazi ya chachu ni kula sukari ya zabibu na kutoa pombe, joto na hewa ya kaboni dayoksaidi, na hewa hiyo ni nzito kuliko hewa ya kawaida, inatulia chini, haina rangi wala harufu. Wakati wa mavuno stoo ya chini au tenki lililofunguliwa linaweza kujaa hewa hiyo na imeshaua watu, wakiwemo wenye uzoefu. Kwa hiyo usiinamie tenki ukapiga picha, usishuke ngazi ya stoo kabla mwenyeji hajashuka, akisema subiri subiri, na watoto washikwe mkono. Miezi mingine hatari ni ndogo sana lakini utaratibu ni huohuo.

Ndani ya stoo simama kwanza, acha macho yazoee giza, vuta pumzi. Kuna harufu ya mbao mbichi, ya jiwe lenye unyevu, na ya waini yenyewe. Ukiona ukungu mweusi ukutani kama sufi usishtuke wala usidhani ni uchafu, unaishi kwa mvuke wa pombe unaotoka kwenye mapipa na nyumba nyingi za zamani wanauacha makusudi. Kule Haro, Hispania, kwa López de Heredia walioanza 1877, wanaacha hata utando wa buibui kwenye chupa, kwa sababu buibui wanakula nondo wanaoharibu vizibo. Na kwa wale Hugel niliowataja kuna pipa kubwa linaitwa Sainte Catherine, la mwaka 1715, linaingia karibu lita 8,800, na bado linatumika, sio la maonesho. Fikiria kwamba lilipotengenezwa hakuna aliyejua chachu ni kiumbe hai, Louis Pasteur alikuja kulionesha hilo kwenye miaka ya 1850 na 1860, yaani vizazi kwa vizazi vilitengeneza waini nzuri kwa pua, ulimi na kukumbuka tu. Hiyo ndo sababu mi naheshimu sana wazee wa hizi nyumba hata wakisema kitu ambacho hawawezi kukieleza.

Pipa dogo la kawaida, lile la Bordeaux, linaingia lita 225, sawa na chupa 300. Gonga kwa kifundo cha kidole ukiruhusiwa, lililojaa linatoa sauti fupi nzito na lenye nafasi linatoa mwangwi. Waini inapungua kidogo kidogo kwa kupenya kwenye mbao, kwa hiyo kila baada ya muda mtu anapita na birika anajazia, na ukibahatika ukamkuta mtu kwenye kazi hiyo kaa umtazame, ni kazi ya kimya inayofanywa vilevile kwa miaka mingi sana. Soma maandishi ya chaki kwenye vifuniko vya mapipa. Yule mzee wangu wa mwanzo alikuwa ameandika namba za safu, na juu ya pipa moja ameandika namba na alama ya kuuliza, nikamuuliza hiyo nini, akasema "hili bado sijalielewa". Miaka 50 kwenye kazi na bado kuna pipa analiwekea alama ya kuuliza. Ukipewa kuonja moja kwa moja kutoka kwenye pipa, wanavuta kwa bomba la glasi, jua kwamba unaonja mtoto, itakuwa kali na yenye mawimbi, usiihukumu kama chupa.

Mapipa sio lazima pia. Kule Georgia, ile nchi ya milima ya Caucasus ambako watu wametengeneza waini kwa takriban miaka 8,000, familia za vijijini zina jengo lao linaitwa marani, na ndani yake kuna mitungi mikubwa ya udongo, qvevri, iliyofukiwa ardhini mpaka shingoni, zabibu zinaingia na maganda yake na mbegu zake zinafunikwa mpaka majira ya kuchipua. UNESCO iliuingiza utaratibu huo kwenye orodha yake ya urithi 2013. Ukienda huko usitafute pipa, chungulia chini.

Sasa ndo glasi. Kipimo cha kuonja ni mililita 30 mpaka 50, inaonekana kidogo, lakini waini sita za mililita 50 ni mililita 300, yaani unakaribia nusu chupa, na mkipanga nyumba tatu kwa siku hesabu mwenyewe. Kwa hiyo tema. Kuna ndoo au chombo mezani kwa kazi hiyo, na hakuna mtengenezaji waini anayechukia mgeni kutema, wao wenyewe wanatema kutwa nzima, kwao ni dalili kwamba umekuja kusikiliza. Nyumba mbili kwa siku zinatosha kabisa, ya tatu huikumbuki.

Shika glasi kwenye mguu wake, kiganja kinapasha moto. Nusa kabla hujaitikisa, halafu zungusha, nusa tena, mara nyingi ni harufu mbili tofauti. Kunywa kidogo, vuta hewa kidogo juu yake, iache izunguke mdomo mzima. Asidi utaiona mate yakijaa pembeni mwa ulimi, tanini, ile kitu ya kwenye ngozi na mbegu za zabibu inayokausha mdomo, utaiona ufizi ukikauka kama umetafuna ganda la tunda bichi. Ukishatema au kumeza hesabu sekunde ladha inabaki muda gani. Utaratibu wa kawaida ni nyeupe kabla ya nyekundu, nyepesi kabla ya nzito, kavu kabla ya tamu, lakini mwenyeji akipanga vingine mfuate, ana sababu. Na kwa kila glasi uliza hii imetoka wapi tulikopita, na hapo ndo ile saa ya shambani inalipa, atakuonesha dirishani, pale kwenye mti ule, na wewe ulishika udongo wa pale.

Kama hujaipenda usidanganye na usikunje uso, sema unachokisikia, "hii imenikausha sana mdomo", atakuambia kwa nini na pengine atakutolea ya mwaka mwingine ya kulinganisha. Swali ninalolipenda kuliko yote ni "ninyi wenyewe mkikaa jioni mnakunywa ipi?" Mara nyingi sio ile ya bei kubwa. Lingine ni mwaka gani ulikuwa mgumu na mlifanyaje. Mvua ya mawe, baridi ya ghafla, ukame, hapo watu wanaacha hotuba wanaanza kuongea.

Kumbuka uko nyumbani kwa watu. Mkubwa wa nyumba akiingia simama umsalimie, picha omba kwanza, hasa za watu na za stoo, mlango uliofungwa uache ufungwe, bei usivutane nao kama uko sokoni. Watoto wenu karibuni nao ila wasikimbie kati ya mapipa, na wao hawaonji. Habari za urithi ziulize kwa upole, zina vidonda. Ufaransa sheria ya Napoleon ya 1804 iliagiza mali igawanywe kwa watoto wote, ndo moja ya sababu mashamba ya Burgundy yamekatikakatika, lile shamba moja la Clos de Vougeot lina hekta kama 50 tu lakini wenye vipande humo ni kama 80. Nyuma ya kila nyumba iliyobaki nzima kuna ndugu waliokubali kununuliwa, au waliokubaliana kukaa pamoja, au waliogombana. Mwenyeji akitaka kusimulia atasimulia.

Kununua sio lazima, lakini nyumba ndogo ikikupa saa tatu zake, chukua angalau chupa moja au mbili, na chukua ile isiyopatikana dukani kwenu, mwaka wa zamani au shamba dogo wanaloliuza hapohapo tu. Usiziache kwenye buti ya gari juani, joto la saa chache linaweza kuharibu kazi ya miaka. Kwenye viwanja vingi vya ndege haziingii na wewe juu kwa sababu ya ile sheria ya kutobeba kimiminika kinachozidi mililita 100, kwa hiyo kila chupa ivalishe mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, izungushie nguo nzito, ikae katikati ya begi mbali na kingo, na uangalie kabla ya safari nchi yako inaruhusu kiasi gani bila ushuru. Ukifika nyumbani zipumzishe wiki mbili hivi mahali penye giza na ubaridi, zenye kizibo cha gome zilaze, kizibo kisikauke.

Na siku hiyohiyo ya ziara, kabla hujalala, chukua kalamu uandike kwenye lebo ya nyuma au kwenye kikaratasi ukifunge shingoni mwa chupa, safu gani, udongo gani, nani alikumiminia na alisema nini. Siku utakapoifungua ipige picha mezani, umtumie mwenyeji kwa meseji, mwambie imekuaje. Mi yule mzee nilimtumia ya lile pipa la alama ya kuuliza baada ya miaka mitatu, akajibu siku hiyohiyo akitaka kujua kama ule ukali wa mwisho ulishatulia.